Saketi Mbili za Ofumbi

Mikono miwili ilishika redio moja kuukuu katika soko la Busia, upande wa Kenya, adhuhuri moja mwaka wa sabini na saba, wakati Waganda walipokuwa wakivuka mpaka kutafuta sukari na sabuni. Mkono mmoja ulikuwa wa Zubaida, binti wa mwenye malori wa Tororo, ng'ambo ya mpaka, mrefu, amejitanda mtandio wa kijani. Wa pili ulikuwa wa Ofumbi, fundi redio na mpiga gitaa, aliyevaa suruali ya bugaluu iliyofagia vumbi la soko.

"Dada, achia. Mimi nataka valvu zake tu."

"Na mimi naitaka nzima. Baba anataka kusikia habari."

"Habari gani? Redio yetu inasema kila kitu iko sawa."

Zubaida karibu acheke.

Wakapatana. Ofumbi angechukua ile kuukuu, na mzee wa Zubaida angepata redio ndogo ya betri iliyokuwa karakanani kwa Ofumbi, Tororo. Zubaida alipoifuata, alikuta sanduku la mvule mezani, na ndani yake bati lililojaa nyaya, transfoma na vichupa vya kioo. Ofumbi aliwasha. Vile vichupa, ndizo valvu zenyewe, vikaanza kung'aa rangi ya chungwa, na harufu ya vumbi linaloungua ikajaa chumba.

"Amplifaya ya gitaa," alisema. "Naunda mwenyewe. Iko na saketi mbili. Nageuza swichi pande hii, inalia kama zile za Marekani, safi kama kengele. Pande ingine, inalia kama za Waingereza, nzito, inakwaruza."

"Si uchague moja?"

"Bendi yetu ilikuwa na gitaa mbili. Mwenzangu alikimbilia Nairobi. Sasa mimi napiga ya kwangu na ya kwake."

Akapiga, akigeuza swichi katikati ya wimbo, na kweli ilikuwa kama watu wawili wanajibizana. Zubaida alisikiliza bila kusisimka. Ila wimbo ulipokwisha aligundua kwamba muda wote ule hakumfikiria Muhamadi. Muhamadi alikuwa kaka yake. Askari walimtoa kwenye lori barabarani mwaka uliopita, hakuonekana tena, na tangu hapo nyumba yao iliswali, ikala, ikalala, bila mtu kuinua sauti.

Akawa anarudi karakanani. Akienda Busia kwa biashara yake ya vitenge alimtafutia valvu, akazivusha mpakani zimeviringishwa ndani ya robota la vitenge. Jioni alipiga simu kwenye duka lililopakana na karakana.

"Fundi wangu, unafanya nini?"

"Nangoja sauti yako."

"Sauti yangu ndogo."

"Nitaiundia amplifaya, mpenzi. Tororo yote isikie."

"Isikie nini?"

"Vile unaniita fundi wako."

Halafu Nasirumbi, muuza vitambaa mwenzake, akamnong'oneza sokoni, "Huyo mtu wako anapiga gitaa kwenye kambi ya askari. Maofisa wanacheza, yeye anawapigia." Zubaida alikwenda moja kwa moja posta ya Busia akapiga simu.

"Ni kweli?"

"Ni kweli. Lakini sikia, mpenzi..."

"Wamemchukua kaka yangu, nawe unawachezesha."

Akakata. Hakulia. Alirudi kwenye vitenge vyake, na wateja hawakuona tofauti yoyote.

Amplifaya ya valvu huhifadhi umeme hata ikichomolewa, na hakuna aliyelijua hilo kama Ofumbi. Lakini siku ile alitia mkono ndani ovyo, umeme ukamrusha hadi ukutani. Alikitazama kidole kilichoungua kama vile ni cha mtu mwingine.

Ukweli ni kwamba askari waliisikia amplifaya ile kutoka barabarani, wakaibeba hadi kambini pamoja na mwenyewe. Jumamosi ya kwanza alipiga kwa hofu. Zilizofuata alikwenda kwa sababu ya dereva mmoja wa kambi, ambaye akilewa husema.

Alasiri moja Ofumbi alimfuata Zubaida barazani kwao.

"Umekuja kunichezesha na mimi?"

"Nilikuwa naulizia Muhamadi. Dereva mmoja wa kambi alikuwepo wakimchukua. Hayuko, Zubaida. Walimuua siku ile ile."

"Siku ile ile," alirudia Zubaida. "Na mama bado anaamka kila akisikia mlango."

"Najua."

"Uliwapigia ili upate habari hii?"

"Kwanza niliogopa tu. Baadaye, ndiyo."

Zubaida alingoja uchungu uje. Haukuja. "Sisikii kitu, Ofumbi. Nimekufa ganzi, mwili mzima."

"Hata mimi."

Mzee alipoambiwa alitawadha, akamswalia mwanawe asiyekuwa na kaburi, kisha akatoka barazani. "Kijana, wakijua umeulizia hutapona, na ukikosekana kambini watakutafuta. Vuka leo."

"Nikivuka, nataka kuvuka na Zubaida, baba. Kwa ndoa. Mimi mtu wa kijijini Paya, Mkristo. Ukisema nisilimu, nitasilimu."

Mzee alimtazama binti yake. "Jibu wewe."

"Mimi sijui kama nakupenda," Zubaida alimwambia Ofumbi, mbele ya baba yake. "Siku hizi sijui hata kama ni joto au baridi. Nisikudanganye."

"Basi tukae pamoja mpaka tujue."

Zubaida akaingia ndani kuchukua viatu.

Amplifaya ilibaki kambini, askari walikoizuia Jumamosi ya mwisho. Walivuka katikati ya wachuuzi, kila mmoja na kifurushi, shangazi yake Zubaida akiwasubiri ng'ambo. Mbele ya kibanda kimoja mwanamke alikuwa akikaanga samaki waliotoka ziwani Majanji asubuhi ile, mafuta yakichachatika. Zubaida akasimama.

"Nina njaa," alisema, kwa mshangao.

Waliketi kwenye benchi. Kwenye tonge la tatu machozi yalianza kumtoka, kidogo kidogo, kisha kwa kwikwi, mtandio ukalowa. Lakini hakuacha kula. Ofumbi hakumwambia anyamaze. Alisogeza sahani, akawa anamtolea miba.