Mkono wa Kushoto wa Mwalimu Wilkista

Mnisamehe, hadithi hii nitaiharibu. Nimezoea jukwaa la vichekesho, ambako nikitaja maiti watu hupiga makofi. Lakini haya yalimpata binamu yangu Kimeli, Kitale, mwaka wa 1993, na mpaka leo sijapata pa kucheka.

Kimeli alipiga gitaa la metal, ile rock nzito inayonguruma kama trekta iliyokwama matopeni. Kusoma noti alifundishwa na Mwalimu Wilkista wa Mabanga, kule Bungoma, mama aliyeendelea kupiga piano hata baada ya kiharusi kumuua upande wa kulia. Kabla hajafa alimpa daftari. Ndani mlikuwa na wimbo wa piano wa Mzungu wa kale, aliounakili kwa mkono uliobaki.

"Ugeuze uwe wa gitaa, mwanangu," alisema. "Piga kelele upendavyo. Lakini noti za mkono wa kushoto usiziguse. Huo ndio mkono niliobaki nao. Ukiukata, nitakuja kutafuta mwingine."

"Aki ya Mungu, Mwalimu, sitaukata."

Mwalimu akazikwa. Kimeli akakaa na gitaa wiki mbili. Kwenye piano mkono wa kulia huimba, wa kushoto hubeba mzigo chini. Gitaa moja likashindwa kubeba yote. Siku ya kumi na tano akachukua kalamu, akazifuta noti zote za chini.

Mazoezi tulifanyia kwenye posho mill, kinu cha kusagia mahindi, ya Mzee Gachanja, saa saba mchana, mwenyewe akienda kula. Kimeli gitaa, Chesang ngoma, mimi besi, gitaa la sauti za chini. Kimeli akataka kuupiga kwanza peke yake. Bana, ulikuwa mtamu! Akamaliza.

Sauti haikumaliza.

Ilitoka kwenye spika, chini, polepole. Noti zilizofutwa.

"Kimeli, si uache," Chesang akanong'ona.

"Nimeacha."

Akainua mikono yote miwili. Nikachomoa waya ukutani. Waya uko mkononi mwangu. Sauti inaendelea.

Meza ya Gachanja ilikuwa nyeupe kwa unga. Unga ukabonyea. Vidole vitano. Vikainuka, vikabonyea tena, karibu zaidi. Vikafika ukingoni, aliposimama Kimeli.

Kimya.

Mkono wake wa kushoto ukaanguka kama mkono wa shati lililoanikwa.

Madaktari hawakuona ugonjwa. Mpaka leo unaning'inia, baridi. Ila kanisani, kinanda kikianza, vidole vyake hucheza mfukoni. Vyote vitano. Bila kukosea.

Na juzi nimefungua kasha la besi yangu, lililofungwa tangu siku ile. Ndani, juu ya nyuzi, alama tano za unga. Mbichi.

Ati mbona kwangu? Basi niseme. Zile noti za chini zingepigwa na besi. Kimeli aliniletea, akaniomba nijifunze. Mimi ndiye niliyemwambia, "Futa tu, marehemu atajuaje?"

Ndiyo maana haya nimeyaandika kwa mkono wa kulia, mbio mbio, wa kushoto nimeukalia.