Uraia wa Sajini Aperamo

Nyumbani kwa Sajini mstaafu Aperamo, mtaa wa Kalihi visiwani Hawaii, hakuna anayetia kitu mdomoni kabla bendera haijapanda. Kila asubuhi mzee huyo hupandisha bendera ya Marekani barazani, na familia husimama wima. Mkewe, Mama Sulia, naye husimama, mwiko mkononi, maandazi yake ya panikeke yakiungua jikoni.

"Mume wangu, bendera haili. Sisi tunakula," humwambia.

"Nidhamu, Sulia!"

"Nidhamu hiyo imeshakuwa mkaa. Njoo uitafune."

Binti yao Fetuao alikuwa na miaka kumi na minane. Alikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, akisomea uhandisi. Ada ya mwaka huo ilipatikana kwa taabu. Kisha ukoo ukapata msiba, na msiba wa Wasamoa si wa kwenda mikono mitupu. Akiba ikaisha. Ada ya mwaka wa pili haikujulikana itatoka wapi.

Lakini pale chuoni kulikuwa na mafunzo ya maofisa wa jeshi. Mwanafunzi husoma masomo yake kama wenzake. Juu ya hayo hujifunza uongozi, gwaride na kusoma ramani, na alfajiri hukimbia. Wanaofanya vizuri huweza kupata ufadhili: jeshi huwalipia ada. Wakihitimu, huwa maluteni na kulitumikia jeshi kwa miaka kadhaa.

Fetuao alikuwa akikimbia na wenzake tangu muhula uanze. Wavulana walimjua zaidi kwa kisogo chake. Siku moja Meja aliyesimamia mafunzo alimwambia, "Njoo uombe ufadhili. Mlete na mzazi, tuzungumze vizuri."

Baba mtu alikuja na medali zote kifuani. Akitembea, zilisikika kabla yeye hajaonekana.

"Baba, tunakwenda ofisini, si vitani," Fetuao alinong'ona.

"Kimya, Luteni."

Meja aliwakaribisha kwa heshima. Akauliza swali la kwanza.

"Ulizaliwa wapi, Fetuao?"

"Leone, Samoa ya Marekani. Nililetwa huku Hawaii nina miaka minne."

Meja akaweka kalamu mezani. "Na wazazi wako?"

"Leone hukohuko," alijibu Aperamo kwa fahari.

"Kuna mmoja wenu aliyeomba uraia wa Marekani?"

Aperamo alicheka. "Uraia gani tena, Meja? Nimetumikia nchi hii miaka ishirini na miwili. Goti langu hili ni la chuma. Langu mwenyewe nililiacha vitani."

Meja hakucheka. "Sajini, nakuheshimu sana. Lakini Samoa ya Marekani ni visiwa vilivyo chini ya Marekani, si jimbo; mtu akizaliwa huko, na wazazi wake si raia wa Marekani, hapati uraia kwa kuzaliwa. Yuko chini ya bendera. Ana ruhusa ya kuishi hapa. Anaweza kuwa askari, hata sajini. Lakini ofisa lazima awe raia, na ufadhili huu ni wa kuandaa maofisa."

Fetuao alimtazama baba yake, akingoja apinge.

"Nilisikia watu wakiyasema hayo," Aperamo alisema kwa sauti ndogo. "Lakini nilidhani kiapo cha jeshi kilimaliza mambo."

"Hakikumaliza, Sajini. Jeshini ungepata njia ya haraka ya kuomba uraia, lakini ilibidi uombe."

Njiani medali ziliendelea kulia. Aperamo akazivua moja moja, akazitia mfukoni.

Nyumbani, Mama Sulia alipoelezwa, alikaa chini palepale jikoni, juu ya gunia la mchele. "Kwa hiyo hata mimi? Miaka yote hii nawagombeza majirani kuhusu wanasiasa wao, kumbe mimi mwenyewe siwezi kupiga kura?"

Magimbi yalipoa mezani.

Ghafla Aperamo akapiga meza. "Fetuao! Wakikuuliza kama wewe ni raia, sema ndiyo. Andika ndiyo. Nimeilipia hiyo ndiyo kwa goti langu. Nani atabisha?"

Neno moja tu, na ada ingelipwa. Fetuao alikuwa bado analiwaza neno hilo, mlango ukagongwa. Aliingia jirani yao Tiresa, amebeba sufuria ya Mama Sulia aliyokuwa ameiazima. Tiresa alikuwa muuguzi wa jeshi, mwenye cheo cha kapteni, naye mzaliwa wa Samoa ya Marekani.

"Mbona mmekaa kama mmezika?" aliuliza.

Walimweleza. Walipofika kwenye ile "ndiyo", Tiresa aliiweka sufuria chini kwa kishindo.

"Fetuao, usithubutu! Kujiita raia wakati si raia ni kosa kubwa. Ukweli ukijulikana, unaweza kunyimwa uraia, na mlango wa uofisa ukafungwa. Unataka kuuza shamba lote kwa sababu ya njaa ya siku moja?"

"Sasa afanye nini?" Mama Sulia aliuliza.

"Afanye nilivyofanya mimi. Aombe. Ametimiza miaka kumi na minane. Anaishi Hawaii, ambayo ni jimbo, na ameishi hapa zaidi ya miezi mitatu. Atajaza maombi. Atachukuliwa alama za vidole. Ataitwa kwenye usaili, aulizwe maswali ya historia na serikali, kwa Kiingereza. Gharama zipo, lakini mwenye kipato kidogo anaweza kuomba apunguziwe au asamehewe."

"Na ufadhili?" aliuliza Fetuao.

"Utachelewa, lakini haujapotea. Muulize Meja kama unaweza kuendelea na mafunzo bila kutia saini. Ukishapata uraia, uombe wa miaka iliyobaki. Tena nikwambie: siku ya kutia saini, soma kila mstari. Ada haitolewi bure. Ukitia saini na muda wa kujiondoa ukapita, unadaiwa miaka ya utumishi. Ukiacha katikati, unaweza kutakiwa urudishe fedha. Usiingie kwa sababu baba yako ana medali."

Aperamo alisimama. "Kwa hiyo niende nibishe hodi kwenye nyumba niliyoilinda? Mimi? Haombi mtu hapa!"

"Ni uonevu, mzee wangu," Tiresa alisema. "Nilipoambiwa mara ya kwanza, nililia mpaka mto ukaota ukungu. Lakini machozi hayakunipa cheo."

"Nimesema haombi mtu!"

Fetuao hakuwahi kumjibu baba yake hata siku moja. Siku hiyo alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, akashangaa kama wengine.

"Baba, hasira ni yako. Lakini mwaka wa pili ni wangu."

Mama Sulia akaziba mdomo kwa kiganja. Aperamo alimtazama binti yake kana kwamba amepigwa kofi na mtoto mchanga. Kisha akakaa polepole.

"Hayo maswali," alimuuliza Tiresa, "ni magumu?"

Tangu hapo, jioni ikawa shule. Mama Sulia aliuliza, wengine wakajibu.

"Bunge lina sehemu ngapi?"

"Mimi nilikuwa napigana, sikuwa nahesabu sehemu," Aperamo alinung'unika.

"Mbili! Sifuri kwako, Sajini. Kaoshe vyombo."

Meja alikubali Fetuao aendelee na mafunzo. Miezi ikapita. Baba na binti walifaulu usaili, wakaitwa kula kiapo cha uraia siku ileile.

Ukumbini, mama mmoja wa serikali alisoma majina ya nchi. Kila nchi ilipotajwa, watu wake walisimama. Ufilipino. Korea. Meksiko. Tonga. Orodha ikaisha. Ukumbi wote ulikuwa umesimama, isipokuwa wawili.

"Na nyinyi mmetoka nchi gani?" mama yule aliuliza.

Aperamo aliinuka, goti la chuma likilia. "Marekani, mama."

"Na mnaomba uraia wa nchi gani?"

"Marekani."

Mtu mmoja nyuma alicheka, halafu akanyamaza. Mama yule alitazama karatasi zake, akawatazama tena.

"Basi simameni hapohapo," alisema taratibu. "Wote, inueni mkono wa kulia."

Fetuao alitia saini mkataba wa jeshi mwezi uliofuata. Kwanza aliusoma wote, akamuuliza Meja maswali mpaka Meja akaagiza kahawa ya pili. Ada ya mwaka wa pili ikalipwa. Maombi ya Mama Sulia nayo yalikuwa njiani.

Jumapili moja, kwenye chakula baada ya ibada, Shemasi wa kanisa lao alikuwa akijisifu. Mwanawe mkubwa, sajini aliyelitumikia jeshi miaka tisa, sasa alitaka kuwa ofisa.

"Alizaliwa wapi?" Aperamo aliuliza.

"Kijijini kwetu, Samoa ya Marekani. Kwani wapi tena?"

"Na uraia ameomba?"

Kijiko cha Shemasi kikasimama hewani. "Sajini, unanitania."

"Natamani ningekuwa nakutania," Aperamo alisema, akamsogezea kiti. "Kula kwanza, ndugu yangu. Ukishashiba, nitakueleza pa kuanzia."