Likelemba ya Tantine

Ndaya alimtuma mume wake makala, makaa ya kupikia. Mfuko mmoja tu, jua likizama nyuma ya vilima vya mawe ya kampuni. Kama angejua, siku ile angepikia mbao za kitanda.

Mume mwenyewe ni Ruffin Ntambwe wa Kapata, ile cité ya nyumba za mistari ambazo kampuni ilijengea wafanyakazi wake zamani. Miaka arobaini na mitatu, tumbo limemtangulia kidogo, na kichwa... sitanii, kichwa cha kutosha watu wawili. Mbele ya nyumba alikuwa na kibanda chenye mashine tatu na paneli ya jua juu ya bati. Wachimbaji wakitoka mashimoni, udongo bado masikioni, walikuja kwake kucheza ule mchezo wa falme. Ni mchezo wa mtandao: watu maelfu kutoka kila nchi, kila mmoja ana mtu wake ndani, mwenye upanga, mwenye jina, na damu inayopungua akipigwa.

Na Ruffin ndiye aliyejua nyongeza, zile wachezaji wanaita addon, vitu vidogo unavyobandika kwenye mchezo ili vikusaidie. Alikuwa nayo inayoonyesha madini yalipojificha. Inayopanga mfuko wa safari. Inayowika kama jogoo adui akikujia mgongoni. Moja ilitafsiri hata matusi ya Warusi.

"Bila mi, mungecheza sawa bipofu," aliwaambia wachimbaji. Hawakubisha. Ilikuwa kweli.

Basi, penye makala, kando ya barabara ya malori, mama muuzaji hakuwepo. Juu ya gunia alikaa mwanaume mmoja. Shati jeupe. Mahali ambapo hata mbuzi ni wekundu kwa vumbi, shati lile halikuwa na doa.

Na harufu... Nyama ya moshi. Haikuwa mbaya. Ndiyo shida yake, haikuwa mbaya. Mate yalimjaa Ruffin mdomoni.

"Njo weye Tata Ruffin wa ba-addon?"

"Njo mi mwenyewe. Mama wa makala eko wapi?"

"Atarudia. Kamata hii."

Clé USB. Kidude kile cha kuchomeka kwenye mashine kilikuwa vuguvugu, na kiliteleza kidogo vidoleni, kama kimeshikwa na mtu aliyetoka kula.

"Inafanya nini?"

Mtu yule alinong'ona, kama anayemwambia mgonjwa. "Inaitikia pa nafasi yako. Mutu akikupatia kitu, inapokea. Damu yako ikipunguka, inakulisha. Inasema na aksanti. Bachimbaji bako na mikono ya kuvimba, tata. Itabasaidia."

"Jina yake?"

"Karibu."

Ruffin aliinama kuchagua mfuko wa makala. Alipoinuka, mama muuzaji alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Tata Ruffin, uko naongea na nani?"

Sasa, kuna jambo ambalo kila mtoto wa huku anafundishwa kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Mama yake Ruffin, aliyetoka Sandoa, alilisema kila asubuhi: usile cha mtu usiyemjua. Kwa sababu wachawi nao wana likelemba yao. Ndaya na wenzake wa mtaa huweka kikombe cha unga kila juma, na kila juma mmoja anabeba chote, kwa zamu. Wachawi ni hivyo hivyo, ila wao wanaweka nyama. Ukila zamu za wenzako, yako inafika. Na nyama yako hauitoi sokoni. Unaitoa nyumbani mwako.

Ruffin alikataa karanga za watu shuleni. Alikataa mikate. Kwenye harusi alienda ameshakula kwake. Lakini nani alimfundisha kuogopa kitu kinachopokea kwa niaba yake?

Jumatatu alikibandika kwenye mashine yake, akajaribu. Uzuri wake! Hakugusa kitu. Damu ya mtu wake ilipopungua vitani, kichwa cha kuku wa kuchoma kilijitokeza, kikaliwa, damu ikarudi. Alifurahi mpaka akamtumia nakala mdogo wake Guelord, mlinzi wa ghala moja huko Fungurume, aliyependa mchezo kuliko kulinda.

Jioni ile, ndani ya mchezo, akaja mchezaji aliyeitwa Tantine, yaani shangazi. Mwanamke mzee, mgongo umepinda, sahani mkononi. Akaiweka chini mbele ya mtu wa Ruffin. Karibu ikapokea. Ikala. Ikaandika yenyewe: *Aksanti, Tantine. Ni tamu.*

Ruffin alicheka peke yake.

Asubuhi aliamka na kitu katikati ya magego. Akavunja kijiti cha fagio, akachokonoa. Uzi wa nyama. Mrefu, wa kijivu, umelainika kwa mate ya usiku. Majuma mawili nyumba ile ilikuwa imekula bukari, ugali wao, na majani ya mihogo, basi.

Jumatano, tena. Uzi ule ulikuja na unywele.

"Ulikulaka wapi?" Ndaya aliuliza, macho membamba.

"Mi? Hakuna fasi."

"Unakataa bukari yangu siku mbili. Unabeua mafuta. Ule mwanamuke anakupikia, anapika na pilipili mingi, sivyo? Harufu inafika mpaka ku mutoto."

Mtoto ni Abigaëlle, wa miaka saba, aliyekuwa mlangoni ameziba pua.

Ruffin angependa awe na mwanamke mwingine. Ingekuwa rahisi kueleza.

Tantine alirudi kila jioni, siku nyingine na sahani mbili. Ijumaa asubuhi kulikuwa na kitu kigumu. Kilikuwa kimelala chini ya ulimi, kimejificha huko kama kokwa. Akakitema kiganjani.

Ukucha.

Ukucha wa mtu, mzima, umepakwa rangi ya kijani.

Kapata nzima ilizijua kucha zile. Za Adèle msuka nywele, aliyezikwa Jumatatu baada ya homa ya siku mbili. Ruffin mwenyewe alikaa kwenye matanga yake. Sasa ladha ikamrudia, yote kwa pamoja: chumvi, moshi, na utamu fulani wa kuoza, kama ndizi iliyosahauliwa ndani ya mfuko. Aliusugua ulimi kwa sabuni. Akausugua kwa mchanga. Utamu haukutoka.

Siku nzima alizunguka kibanda bila kuthubutu kuingia. Alasiri aliingia, akawasha mashine, akafungua kumbukumbu ya Karibu. Mchezo ule haukujua hata Kiswahili cha redioni. Lakini maandishi yalikuwa ya Kapata kabisa.

*Sahani saba. Umekula zote. Umesema aksanti mara saba.*

Chini yake:

*Zamu ya Ruffin: leo, jua likizama. Utaleta nani?*

Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, Karibu ilikuwa tayari inaandika pa nafasi yake. Herufi moja. Kisha nyingine.

*A... b... i...*

Alichomoa waya. Kioo hakikuzimika. Alipiga *hapana* kwa vidole vyake vyote, na kila alipoandika hapana, Karibu iliibadilisha ikawa *ndiyo, Tantine*.

Kisha jibu likaja: *Mwanangu, si ulikula?*

Nje, Abigaëlle alikuwa akicheza nzango na wenzake, miguu na makofi, pa-pa, pa. Makofi yakakatika.

"Papa," aliita kwa sauti ya upole. "Iko tantine moja pa porte. Ananiita."

Ruffin alichungulia. Pa porte, pale langoni, hapakuwa na mtu. Lakini mtoto alikuwa ameinua mkono, kama mkono wenyewe umeshikwa, na alikuwa anatembea.

Hapo ndipo kichwa cha watu wawili kilipofanya kazi. Aliyekula anatoka kwenye meza ya wachawi kwa njia moja tu, mama yake alimwambia: arudishe alichokula.

"Ndaya! Mafuta ya ngazi!"

Ndaya alikimbia jikoni. Alikuja na chupa nzima na beseni la kufulia. Ruffin alikunywa mafuta yale mekundu ya mawese mpaka yakamtoka puani, akatia vidole kooni. La kwanza likatoka. Bonge la kijivu, kubwa kama ngumi, limeshikana na nywele. La pili lilikuwa na ngozi. La tatu... Ndaya aligeuza uso. Beseni lilifuka mvuke kana kwamba chakula kimetoka jikoni sasa hivi, na inzi walishaanza kutua, wanene, wasio na haraka.

La nne. La tano.

Mtoto amefika langoni.

La sita lilikwama. Ruffin alilivuta kwa vidole, likaja refu, likaja, likaja...

La saba lilikuwa dogo. Lilikuwa na sikio.

Makofi yakaanza tena. Pa-pa, pa. Abigaëlle alikuwa amerudi katikati ya wenzake, anawasuta kwa kucheza vibaya.

Kwenye kioo: *Ruffin ametoka mu likelemba.* Kisha giza.

Waliifukia ile takataka nyuma ya choo. Clé USB aliitupa kwenye mbabula, jiko la makala, nayo ikachuruzika mafuta na kutoa sauti ya nyama ikiungua. Usiku ule Ruffin alimsimulia Ndaya mara nne jinsi alivyowashinda, na mara ya nne wachawi walikuwa mia.

Asubuhi simu ililia. Ni yule anayemwita yaya, kaka mkubwa. Guelord.

"Yaya, ile kitu ulinitumia, Karibu, ni muzuri sana. Nalala pa kazi, yenyewe inacheza. Kuko mumama moja anatupikia, juma yote."

Ruffin aliinuka kitandani. Alikuwa amemsahau.

"Guelord. Ilikuuliza kitu?"

"Jana jioni, ndiyo. Ati zamu yangu, nitaleta nani. Mi nilikuwa ku choo. Kurudi, nakuta imeshajibu."

"Ilijibu nini?"

"Iliandika *yaya*." Guelord alicheka. "Inakujua kumbe."

"Sikia vizuri, ndugu. Tafuta mafuta ya ngazi. Tapika. Sasa hivi."

"Nitapike sababu gani? Niko najisikia muzuri. Nimeshiba."

Na kwenye simu Ruffin alisikia sauti ndogo: tsk, tsk. Ulimi unatafuta kitu katikati ya magego.

Alikata, akapiga tena. Guelord hakupokea.

Ndaya aliingia na maji ya kuoga, akasimama, akanusa.

"Nani anachoma nyama?"

Ruffin aliinua mkono wake mwenyewe puani. Chumvi. Moshi. Pilipili kidogo. Haikuwa mbaya.

Pa porte, mbwa wa Kapata walikuwa wameanza kukaa chini, mmoja mmoja, bila kubweka.