Mkono wa Kushoto wa Baba

Kila asubuhi Kasuku alimchemshia baba yake chai kabla hajaenda kazini. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Wiki hiyo, hata hivyo, alikuwa kimya kama maji mtungini. Kikombe kilikuwa kimemponyoka baba, na alipotaka kufunga vifungo vya shati, vidole vya mkono wa kushoto vilikataa kumtii.

"Usimwambie mama yako," baba alimnong'oneza. "Msimamizi akisikia, sipandi tena."

Baba alikuwa mwashi, akijenga kuta za ghorofa ya tano.

Mama alijua tu kwamba kichwa kinamuuma mumewe. Akashikilia aende zahanati, na Kasuku afuatane naye asije akaishia njiani.

Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alimpima presha. Kisha akamuuliza maswali huku akibonyeza majibu kwenye kompyuta, imkadirie hatari ya kupata kiharusi. Baba alijibu bila kupepesa macho: dawa za presha humeza kila siku, sigara aliacha zamani, ganzi haijui. Kioo kikawaka kijani. Hatari ndogo. Baba akachukua kofia yake.

Daktari hakuinuka. "Chombo hiki kinanisaidia sana, lakini hakina macho," alisema taratibu. "Kinapika nilichokitia chunguni. Nami nikikutazama, baba, sioni kijani."

Kasuku aliuona mkono wa baba ukiteleza gotini, ukaning'inia kama si wake. Akisema, baba atashushwa kazini. Asiposema, kesho atapanda tena kule juu.

"Daktari, baba ameacha dawa. Na huo mkono umekufa ganzi."

Baba akamgeukia kumkemea. Maneno yakatoka yamepinda, hayaeleweki.

Daktari hakuigusa tena kompyuta. Baba aliondoka kwa gari la wagonjwa.

Kwa kuwa aliwahiwa, alirudi nyumbani akitembea, ingawa vidole vilibaki vizito. Msimamizi alimpa kazi ya chini, ya kugawa vifaa. Walipokwenda zahanati tena, daktari aliingiza upya majibu ya siku ile, safari hii ya kweli. Kioo kikawa chekundu. Baba akainamisha kichwa, akamshika mwanawe begani.

"Mwanangu," daktari akamwambia Kasuku, "chombo kikidanganywa, nami hudanganyika. Siri haimlindi mgonjwa. Huulinda ugonjwa."