Kwa Nini Chumba cha Hooyo Hani Hakikupoa

Kila asubuhi, kabla jua la Kyuso halijakolea, Nadifa alifagia ua, akatandika turubai na kuweka mizani mlangoni. Ulikuwa msimu wa ndengu. Wakulima walileta magunia yao kwa punda na kwa pikipiki, naye akanunua mpaka adhuhuri. Mume wake, Bile, alifanya biashara ya mbuzi. Siku nyingi alikuwa safarini.

Ndani ya nyumba aliishi Hani, mama yake Bile. Nadifa alimwita Hooyo, yaani mama, kama Wasomali wanavyosema. Hooyo alikuwa na miaka sabini na mitatu, na moyo wake ulikuwa mgonjwa. Daktari hakuwaficha. "Huyu mama, joto ni adui yake," alisema. Kwa hivyo Bile akaweka AC, mashine ya kupoza hewa, katika chumba cha mama yake. Majirani walishangaa, lakini Bile aliwaambia mama ni mmoja tu.

Mwaka mzima AC ilifanya kazi vizuri. Kisha baridi ikaanza kupungua, kidogo kidogo, kama maji yanayokauka kwenye silanga, bwawa la kunyweshea mifugo.

"Hooyo, unaendeleaje?" Nadifa aliuliza.

"Niko ndani ya jiko, binti yangu."

Nadifa alichukua rimoti. Ilisoma nyuzi ishirini na nne. Akashusha mpaka kumi na sita. Upepo haukuongezeka. Siku ya pili maji yalianza kudondoka ukutani. Nadifa aliinua macho akaona barafu nyeupe imeshika ndani ya mashine. Akafurahi. "Barafu ipo, basi baridi inakuja," aliwaza.

Baridi haikuja. Siku ya tatu, jua likiwa kichwani, Nadifa alisikia kishindo chumbani. Alikimbia. Hooyo alikuwa sakafuni kando ya kitanda, uso umeparara, macho hayatulii. Nadifa alimlowesha kwa kitambaa cha maji, akampepea, akamwita jirani mwenye gari. Wakamkimbiza hospitali.

Muuguzi alimtibu mpaka akapata nafuu. Jioni akamruhusu arudi nyumbani. "Leo mmewahi," alimwambia Nadifa. "Msimrudishe kwa joto lile."

Nadifa alimpigia simu fundi mmoja wa mbali. Fundi hakuuliza mengi. "Hiyo ni gesi imeisha, ama pampu yake, kompresa, imekufa," alisema. "Nunueni AC ingine." Kisha Nadifa akampigia mumewe.

"Kesho nakuja na gari," Bile alisema. "Nampeleka Nairobi kwa dada yangu. Huko kuna baridi."

Hooyo alisikia kila neno. "Mimi si mbuzi wa kupakiwa," alisema polepole. "Mzee wangu amezikwa hapa Kyuso. Nikienda Nairobi, sirudi tena."

Nadifa alichukua tena kitambaa cha maji. Alikaa karibu naye, akimlowesha mikono na miguu, moyo wake mzito.

Asubuhi iliyofuata, wa kwanza kuleta ndengu alikuwa Kavata. Mwanamke huyu alikuwa mkulima, lakini pia alifundisha ufundi wa friji na AC katika chuo cha karibu. Alileta magunia mawili. Nadifa aliyapima mara mbili, na mara zote mbili akasahau uzito.

"Mama Kowsar, una nini leo?" Kavata aliuliza, akimwita kwa jina la mtoto wake.

Nadifa akamweleza yote. Kavata akaacha magunia yake pale pale.

"Aiya! Na mimi niko hapa? Nionyeshe hiyo AC."

Walipoingia chumbani, Kavata alimsalimu Hooyo kwa mikono miwili. "Pole sana, susu," alisema, kama Wakamba wanavyomwita nyanya. Akaweka kiganja chake mbele ya mashine.

"Upepo ni mdogo sana. Na hii barafu, imekaa siku ngapi?"

"Mbili. Mimi nilidhani ni dalili nzuri."

"Wengi hudhani hivyo. Barafu inasema mashine ni mgonjwa. Inaweza kuwa gesi imepungua, lakini tusianze na gesi. Tuanze na kilicho rahisi."

Kavata alizima AC kwa rimoti, kisha akazima swichi yake kubwa ukutani. "Usishike ndani kama stima iko," alisema. Akaomba wampeleke Hooyo nje barazani, penye kivuli, wampe maji ya kunywa. Kisha akainua kifuniko cha mbele cha AC na kuvuta kitu kama chandarua. Kilikuwa kimejaa vumbi zito kama blanketi kuukuu.

Nadifa alishika mdomo. "Hiyo hufunguka? Mwaka mzima sijawahi kuiona!"

"Hii ni filta. AC huvuta hewa ya chumba, inaipitisha kwenye bomba baridi, inairudisha ikiwa imepoa. Filta ikijaa vumbi, hewa inakosa njia. Zile bomba zinabaki na baridi yao mpaka zinashika barafu. Na barafu inazidi kuziba."

"Basi nikwangue barafu kwa kisu?"

"Usithubutu! Utatoboa bomba. Iache iyeyuke yenyewe. Weka beseni hapa chini."

Nadifa aliosha filta kwa maji na sabuni kidogo, akaianika kivulini. Kavata akauliza, "Mashine ya nje iko wapi?"

Walizunguka nyuma ya nyumba. Nadifa alisimama ghafla. Mashine ya nje haikuonekana. Mbele yake palikuwa na magunia ya ndengu, yamepangwa mpaka juu, yamefunikwa turubai. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyapanga.

"Ni mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Nilitafuta tu mahali pa kuweka mzigo. Kumbe namuumiza Hooyo."

"Hukujua. Usijilaumu," Kavata alisema. "Joto lote linalotolewa chumbani hutupwa nje hapa. Ukiiziba, joto litaenda wapi?"

Walihamisha magunia, gunia baada ya gunia, mpaka jasho likawatoka. Ndani ya matundu ya mashine yalikuwa yamenasa makapi ya ndengu na vumbi la ua. Kavata aliyatoa kwa brashi laini, kisha akaimwagia mashine maji taratibu. "Maji ya nguvu hapana. Yanapinda hizi bati nyembamba."

Nadifa aliuliza jambo lililomkaa moyoni. "Na yule fundi aliyesema gesi imeisha?"

"Gesi ya AC si kama ya kupikia. Haiishi kwa kutumiwa. Inazunguka tu ndani ya bomba. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Fundi mzuri hutafuta tundu kwanza, analiziba, ndipo anaongeza gesi. Na hiyo kazi ni ya fundi, usijaribu mwenyewe."

Barafu ilipoyeyuka yote na filta ikakauka, Kavata alirudisha kila kitu. Akafunga dirisha na kuvuta pazia upande wa jua. "Ukiacha dirisha wazi, utakuwa unapoza soko lote la Kyuso," alisema. Akawasha swichi, akaweka rimoti kwenye alama ya baridi, ishirini na nne. "Kumi na sita haiharakishi kitu. Inaichosha tu."

Upepo ulikuja kwa nguvu, lakini ulikuwa vuguvugu. Nadifa alimtazama Kavata. Kavata alimwashiria angoje. Zikapita dakika tano. Zikapita kumi. Nadifa aliinua mkono tena, na mara hii vinyweleo vikamsimama.

"Alhamdulillahi!" alisema, akamkumbatia Kavata, jasho kwa jasho.

Wakamrudisha Hooyo kitandani. Alisinzia, na baada ya muda mfupi akafumbua macho. "Nadifa," aliita, "nifunike shuka. Miguu inapata baridi." Nadifa alicheka huku machozi yakimtoka.

Bile alifika alasiri. Godoro lilikuwa limeshatandikwa ndani ya gari. Nadifa alimpokea nje na kumwonyesha yale makapi, na mahali magunia yalipokuwa, akamwambia chumba sasa kimepoa. Bile alitikisa kichwa. Kisha akashusha godoro mwenyewe.

Tangu siku hiyo, Nadifa huosha filta kila baada ya wiki mbili, na wakati wa vumbi jingi kila wiki. Mashine ya nje haiwekewi kitu mbele. Kila mwaka fundi huja kuikagua.

Lakini jioni ile ya kwanza hawakuzungumza habari za mashine. Bile alivua viatu, akaingia chumbani kimya kimya, akaketi karibu na mama yake. Hooyo alikuwa amelala. Alipumua taratibu, bila kuhangaika.