Doa Jeupe kwenye Spika ya Baba

Katika ukoo wetu mzima, hakuna anayejua mambo ya spika kunishinda mimi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikitamba. Shuleni nilisoma fizikia mpaka mwisho. Alama niliyopata sitaitaja, kwa heshima ya mwalimu.

Spika yenyewe ilikuwa ya baba. Ni ndogo, unaibeba kwa mkono mmoja. Haina waya. Inapokea sauti kutoka kwenye simu. Juu yake kuna kitufe cha kuzungusha, cha kuongeza na kupunguza sauti. Baba alikuwa seremala. Spika ilikaa kwenye rafu ya karakana, kati ya gundi na misumari, ikiimba taratibu kutwa nzima. Pembeni ya kitufe kulikuwa na doa dogo la rangi nyeupe. Sikulijali. Katika karakana ya baba kila kitu kilikuwa na doa, hata kikombe cha chai.

Kisha baba akaugua. Alilazwa hospitali wiki tatu, na hakurudi nyumbani.

Bibi, mama yake mzazi, hakuweza kuja kumzika. Miguu yake ilikuwa imevimba, na safari ni ya kutwa nzima kwa treni. Lakini siku mbili kabla ya kufa, baba alirekodi maneno kwenye simu ya mama. Akasema, "Haya ni ya mama yangu. Mpelekeeni. Ayasikie yeye kwanza."

Basi hatukuyafungua. Bibi ana masikio mazito, simu peke yake haimtoshi. Ilibidi twende na spika.

"Spika utabeba wewe," mama aliniambia. "Si unajiita bingwa?"

"Mama, ukinikabidhi mimi, hesabu imeshafika."

Ndani ya treni mama alikaa dirishani. Ukimya wake ulinilemea kifuani. Nikaona dawa yake ni muziki. Nikatoa spika, nikaiunganisha na simu yangu, nikazungusha kitufe hadi kikagoma.

Mkaguzi wa tiketi akaja, dada mmoja mrefu mwenye miwani.

"Kijana, behewa hili umelikodi?"

"Hapana, dada. Nawapa abiria burudani ya bure."

"Nani kakuomba? Punguza. Watu hawasikii hata kituo kikitangazwa."

Nikapunguza. Alipogeuka tu, nikapandisha tena. Saa chache baadaye spika ikaanza kukwaruza. Nikajiambia ni kelele za reli.

Mkaguzi akarudi. Safari hii alimkuta mama amejiinamia, kichwa mikononi.

"Tuwie radhi," mama akamwambia kwa sauti ndogo. "Tunampelekea bibi yake sauti ya mwanawe. Huyo mwanawe ameshafariki."

Mkaguzi akanitazama mimi, akaitazama spika. "Sasa mbona unaichosha kabla haijafika?"

Nikasimamisha muziki. Lakini spika sikuizima, wala kitufe sikukirudisha. Niliisukumia tu begini.

Bibi alitupokea akiwa amekaa kitandani, miguu juu ya mto.

"Mume wangu! Mbona umechelewa hivi? Au umeoa njiani?"

Nikacheka. Naye akacheka. Kisha akamgeukia mama. "Haya. Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko humu, mama," mama akajibu, akiishika simu kwa mikono miwili.

Bibi akavua kitambaa kichwani ili masikio yawe wazi. Nikaweka spika magotini pake. Mama akaiunganisha na simu yake, akabonyeza.

Ulitoka mlio kama kokoto ndani ya debe. Bibi akaruka, akaziba masikio. Katikati ya mkwaruzo lilisikika neno moja tu, "Mama," limechanikachanika.

Bibi akaisukuma spika mbali.

"Huyo si mwanangu," akasema. "Mwanangu hapigi kelele."

Mama alizima simu. Akatoka nje, akasimama akiutazama ukuta. Hakunigombeza. Afadhali angenichapa.

Treni ya kurudi ilikuwa kesho yake jioni. Tusipokwenda nayo, mama angepoteza kibarua. Nikaikumbatia spika, nikakimbia kwa jirani wa bibi, fundi redio. Watu wanamwita Mama Nyaya, kwa sababu mfuko wa aproni yake haukosi vipande vya nyaya.

"Imepatwa na nini?" akaniuliza.

"Vumbi la safari tu, mama."

Akaifungua kwa bisibisi, akachungulia. "Vumbi halichani karatasi, mwanangu. Uliifungulia mpaka mwisho?"

"Karibu na mwisho."

"Karibu kama wapi?"

"Kama... kwenye mwisho wenyewe."

Akanionyesha. Ndani kulikuwa na kiwambo, kama cha ngoma, lakini cha karatasi nyembamba. Ukingoni kilikuwa kimechanika.

"Sauti ndiyo inayokitikisa hiki," alisema. "Ikizidi, kinatikisika kupita nguvu zake. Kikianza kukwaruza, kinakuomba upunguze. Wewe kilipokuomba ulifanya nini?"

"Nilisingizia reli."

Mama Nyaya hakucheka. Alikuwa anatazama juu ya spika. "Na rangi hii?"

"Ni doa la karakana. Baba alikuwa seremala."

"Seremala hatii nukta ndogo namna hii bila sababu. Angalia ilipo. Imepita nusu kidogo tu. Hii ni alama, mwanangu. Baba yako alikuwa anasema: mwisho ni hapa."

Miaka yote nililiona doa lile.

Mama Nyaya akapaka gundi kwa brashi nyembamba, akabandika kipande cha karatasi laini juu ya ufa. Huku akifanya kazi, akanifundisha.

"Sauti ina milango miwili. Mmoja uko kwenye simu, mwingine kwenye spika. Kabla hujawasha, shusha yote miwili. Kisha weka kitufe cha spika kwenye alama. Halafu pandisha ya simu, kidogo kidogo, mpaka anayesikiliza aseme basi."

"Na safarini?"

"Safarini izime kabisa kabla ya kuitia begini. Kusimamisha muziki si kuizima. Ukitaka muziki, tumia spika za masikioni. Hata hizo, ukishindwa kumsikia jirani yako akiongea, umezidisha. Wenzio garini wana mambo yao. Mwingine anauguza, mwingine ametoka kuzika. Utajuaje?"

Nilijua. Mmoja wao alikuwa amekaa dirishani, pembeni yangu.

Gundi ililala ikikauka. Asubuhi bibi alivua tena kitambaa, lakini mikono aliiweka karibu na masikio, tayari kuyaziba. Nikashusha sauti zote mbili. Nikawasha. Nikazungusha kitufe hadi kwenye doa. Nikapandisha ya simu, kidogo, kidogo tena.

"Basi," akasema bibi.

Na baba akaongea.

"Mama. Nasema polepole. Kitanda cha pili kuna mzee ameteseka sana, sasa ndiyo amepata usingizi. Sitaki kumwamsha. Mama, nimekula. Najua utauliza. Kile kiti nilichokuachia huko sijakimaliza, kimebaki mguu mmoja. Mwambie mume wako mdogo akimalizie. Atasema anajua. Mwonyeshe hivyo hivyo. Basi, mama. Nimechoka kidogo."

Mikono ya bibi ilishuka magotini.

"Ndiye," akasema. "Rudia."

Tulirudia mara saba. Kila baba alipofika kwenye "nimekula," bibi alimjibu, "Haya, mwanangu."

Mimi nilitoka nje mara moja, kuangalia kama mvua itanyesha.

Kabla hatujaondoka, Mama Nyaya aliyahamishia maneno ya baba kwenye kadi ndogo, akaichomeka ndani ya spika. Tukamwachia bibi. Hahitaji simu tena. Doa limeinuka kidogo, kwa hiyo analipapasa kwa kidole na kuzungusha kitufe mpaka hapo. Mimi niliondoka na kipande cha uzi mfukoni, kipimo cha mguu wa kiti cha bibi, nikauchonge karakanani.

Ndani ya treni, kijana mmoja alikuwa amefungulia spika yake mpaka vioo vinatetemeka. Nikamwendea.

"Kaka, punguza," nikamwambia. "Huwezi kujua nani humu ametoka kuzika. Mimi tangu nianze kusafiri, sijawahi kumpigia abiria kelele."

"Wewe?" ikauliza sauti nyuma yangu.

Nikageuka. Dada mrefu mwenye miwani, tiketi mkononi.

"Wewe si ndiye wa burudani ya bure?"

Behewa zima likacheka. Yule kijana akacheka kuliko wote, lakini spika akaipunguza. Mkaguzi akainama kwangu, akashusha sauti.

"Bibi alisikia?"

"Alisikia, dada. Vizuri sana."

"Na wewe?"

"Mimi? Mimi nilikuwa nje, naangalia mvua."

Mama alikuwa ameegemea dirisha, macho amefumba. Nilidhani amelala.

"Jua lilikuwa linawaka, mkaguzi," akasema polepole. "Na shati lake lilirudi limelowa kifuani."