Kidonge na Kikombe cha Mafuta

Kila jioni, ng'ombe wakishakamuliwa na ndama kufungwa, mjukuu wangu Fabiola aliweka madaftari yake pembeni akaniletea kidonge kiganjani. Alikuwa darasa la sita hapa Endagikot. Kazi hiyo alipewa na daktari mwenyewe, kwa sababu mimi maandishi madogo ya kwenye pakiti siyaoni.

"Bibi, dawa."

"Lete na kikombe changu."

Kikombe hicho hakikuwa cha maji. Kilikuwa cha mafuta ya mkia wa kondoo, yaliyoyeyushwa jikoni yakawa ya moto. Sisi huku tumelelewa hivyo: dawa kali huiweki kwenye tumbo tupu, itakukwangua utumbo. Unaitandikia mafuta kwanza. Mama yangu alimeza dawa zake zote hivyo, na mimi sikuona sababu ya kubadili.

Sasa kidonge chenyewe kilikuwa cha kupunguza lehemu, yaani mafuta yaliyomo ndani ya damu. Nilikuwa na kilo tisini na nne. Nikienda kanisani nilipumzika mara nne njiani. Mume wangu, Akonaay, alianguka kwa kiharusi kwenye shamba la maharage, hakuamka tena. Nilipopimwa mimi, daktari alisema mishipa yangu inaelekea huko huko.

Fabiola aliliona kosa kabla yangu. "Bibi, daktari alisema upunguze mafuta. Mbona unayanywa?"

"Alisema ya chakula. Haya ni ya dawa."

"Kwani yanapita mdomo mwingine?"

"Wewe mtoto! Na usithubutu kumwambia daktari. Mambo ya nyumbani yanabaki nyumbani. Umesikia?"

"Nimesikia," alisema, lakini uso ameukunja.

Baada ya miezi mitatu tulirudi hospitali mjini. Daktari Nikolausi, kijana mpole, aliniamkia, akanipima uzito. Kilo tisini na saba! Na majibu ya damu yalikuwa mabaya kuliko ya mwanzo.

"Bibi, vidonge unameza kila siku?"

"Kila siku. Muulize huyu."

"Anameza," alisema Fabiola.

"Na mafuta umepunguza?"

"Nimepunguza." Nilidanganya bila hata kupepesa macho.

Daktari alijikuna kichwa. "Basi dawa haitoshi. Itabidi nikuongezee, umeze vidonge viwili. Ukizidisha inaweza kuumiza misuli na ini, kwa hiyo tutakuangalia kwa karibu."

Akashika kalamu. Hapo Fabiola akasimama.

"Daktari, usiandike."

"Kaa chini!" nilimwambia kwa lugha yetu ya Kiiraqw.

Akanijibu kwa Kiswahili, makusudi, ili daktari asikie. "Sikai, bibi. Daktari, anamezea mafuta ya mkia wa kondoo. Kikombe kizima. Kila siku."

Uso ulinichoma. Mtoto niliyemlea tangu ana miezi minane, leo ananiaibisha mbele ya mgeni!

Daktari hakucheka. Aliweka kalamu mezani. "Bibi, mimi natoa mafuta kwa kijiko, wewe unayarudisha kwa kikombe. Kidonge hiki kinataka maji tu. Ningekupa dawa nyingi bure, pengine nikuharibu ini, wakati dawa haina kosa. Endelea na kile kimoja, na mafuta uache."

"Basi naacha na vidonge vyenu!" nilisema, nikatoka.

Tulirudi nyumbani. Jirani yangu Judica, mama yake Herman, alikuja kusikia habari. Nilipomweleza akapiga makofi.

"Afadhali uache! Mtu mnene ni mtu aliyeshiba. Ukikonda, watu watasema una ule ugonjwa. Na huyo anayemjibu bibi yake, mchape!"

Fabiola alikuwa amesimama mlangoni, kidonge mkono mmoja, kikombe cha maji mkono mwingine.

"Shikamoo, mama Herman," alisema, kisha akanigeukia. Macho hakuyashusha. "Nichape, bibi. Babu nilimkuta mimi kwenye maharage. Wewe sitaki kukukuta. Nichape, halafu umeze."

Nilichukua kidonge, nikameza kwa maji.

"Ehe!" Judica alinicheka. "Siku hizi unaendeshwa na mtoto."

"Afadhali huyu. Jana nilikuwa naendeshwa na mkia wa kondoo."

Msidhani ilikuwa rahisi. Wiki ya kwanza nilikaa nikisubiri utumbo ukwanguke, haukukwanguka. Nilipunguza ugali, nikaongeza mboga za majani, nikawa natembea kwa miguu kila asubuhi mpaka barabara kuu na kurudi. Baada ya miezi sita nilikuwa na kilo themanini na tano. Lehemu kwenye damu ilikuwa imeshuka vizuri, kwa kidonge kile kile kimoja.

Jumapili moja, tukitoka kanisani, nikasikia kina mama wananong'ona nyuma yangu: "Mbona amekwisha hivi?" Nikageuka.

"Semeni kwa sauti! Nimekonda, na nitakonda tena. Sina ugonjwa mnaoutaka ninyi, na hata ningekuwa nao ningemeza dawa zake vile vile. Alhamisi naenda kliniki. Anayetaka kupimwa lehemu tuongozane, anayetaka kunong'ona abaki."

Judica, ambaye naye ana mwili wake, akaniuliza chini chini, "Alhamisi saa ngapi?"

Njiani nilimshika Fabiola mkono. "Nilikuambia unyamaze ukakataa. Nilikasirika, lakini ulifanya sawa. Mtu mzima akijidhuru na kukutaka umfichie, kataa tena, hata akiwa mimi. Daktari akidanganywa, dawa yake inakuwa ya kubahatisha. Kumheshimu mkubwa siyo kumsaidia kufa. Mwamkie kwanza, halafu sema ukweli."